Nani alipie bomba la nyumba ambayo haijajengwa?

Kuna swali ambalo ndugu zangu wa Tanga hawajawahi kuniuliza, lakini wateja wangu wa hapa Texas hawaachi: kwa nini mita ya maji, kidude ninachokibeba kwa mkono mmoja, igharimu maelfu ya dola? Jibu langu ni lile lile siku zote. Mita yenyewe si ghali. Unacholipia ni nafasi: nafasi yako kwenye mtambo wa kusafisha maji, kwenye tangi la juu ya kilima, na kwenye bomba kuu litakalochukua majitaka yako usiku na mchana hadi ufe au uhame.

Mimi ni fundi bomba. Kazi nilijifunzia Ngamiani, kwa mzee aliyekata mabomba ya chuma kwa msumeno wa mkono, na leo nafanyia kazi hiyo hiyo kandokando ya Austin, nikiwa na leseni ya jimbo na gari lenye vifaa ambavyo yule mzee angevicheka. Kwa kawaida hapa naandika habari za valvu na hita za maji. Leo naandika habari za pesa, kwa sababu ya dada mmoja wa kwetu, mtu wa Korogwe, muuguzi, anayetaka kujenga nyumba ndogo uani ili mama yake aje kukaa naye. Alinipigia na karatasi ya malipo mkononi.

"Kaka, hii ni nini tena? Kibali nimelipa, mchoraji nimelipa. Hawa wanataka nini?"

"Wanataka ulipie mtambo, dada."

"Mtambo gani? Mimi najenga chumba cha mama!"

Nikamwambia tulia, nakuja Jumamosi, weka chai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Texas mgeni anapewa jembe kabla hajavua viatu. Katika miji mingi ya hapa kila nyumba mpya inayoomba kuunganishwa inalipa ada ya uendelezaji, mara moja tu, na ada hiyo inakwenda kujenga uwezo mpya wa maji na majitaka. Hoja yake ni nyepesi: bibi aliyekaa hapa tangu zamani alishalipia bomba lake kupitia ankara zake, kwa nini apandishiwe bei ili kampuni ya ujenzi ipate kumwaga nyumba mia tatu kwenye shamba la mahindi ng'ambo ya barabara?

Wazo hili halikuanzia Texas. Kesi inayotajwa sana ni ya mji mdogo wa Dunedin, Florida, ambao ulikuwa ukitoza kila nyumba mpya dola 325 za maji na 375 za majitaka. Chama cha wakandarasi kikaushtaki. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Florida ikatoa hukumu ambayo mimi naiona ya busara sana: mji unayo haki ya kuwatoza wapya sehemu yao ya gharama ya kupanua mfumo, lakini sheria ndogo ya Dunedin haifai, kwa kuwa haikufunga mahali popote kwamba pesa hizo zitumike kwa upanuzi huo tu. Kwa maneno mengine, toza, ila tuonyeshe kufuli.

Texas ikaweka kufuli hilo mwaka 1987, ikawa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya jumla ya ada hizi. Nimeisoma sheria hiyo, Sura ya 395, zaidi ya fundi mwenzangu yeyote ninayemjua, na inanifurahisha kwa ukali wake. Mji unatakiwa kwanza ukadirie watu watakaokuja ndani ya miaka isiyozidi kumi, uorodheshe miradi itakayohitajika kwa ajili yao, mtambo huu, tangi lile, bomba kuu la inchi kadhaa kutoka hapa hadi pale, kisha ugawe gharama kwa idadi ya nyumba zinazotarajiwa. Kinachopatikana hakitozwi chote. Lazima kipunguzwe, ama nusu nzima ama kwa hesabu ya yale ambayo wapya hao hao watakuja kuyalipa tena kupitia ankara na kodi. Pesa inakaa kwenye akaunti yake peke yake, inazaa riba yake peke yake. Isipotumika ndani ya miaka kumi, aliye na nyumba anaweza kudai irudishwe. Na mpango wote unafumuliwa upya kila baada ya miaka mitano, watu wakiitwa kwenye kikao cha hadhara.

Kuna kamati ya ushauri pia. Sheria ilipotungwa ilitaka angalau wanne katika kila wajumbe kumi watoke kwenye biashara ya ardhi na ujenzi, yaani watu wale wale wanaotozwa. Hapo ndipo unajua ni nani alikuwa chumbani wakati sheria inaandikwa.

Kwa mfano wa tarakimu, Austin mwaka 2018 iliweka dola 4,700 za maji na 2,500 za majitaka kwa nyumba moja ya kawaida, jumla 7,200. Kabla ya hapo, tangu 2014, ilikuwa 5,400 na 2,200. Miji midogo inayoizunguka ina viwango vyake. Tarehe inayohesabika ni ile ambayo ramani ya kiwanja ilisajiliwa, si siku unayopeleka tofali la kwanza, kwa hiyo majirani wawili wanaweza kulipa tofauti kabisa kwa mita zinazofanana. Kiwanja cha dada yetu kilikatwa juzi juzi kutoka shamba la zamani. Kwake kinahesabika kiwango kipya.

Na pesa hizo zinakwenda wapi? Ukienda juu ya Lake Travis utaukuta mtambo wa Handcox, ulioanza kazi Desemba 2014 baada ya miaka ya mabishano kama unahitajika au la. Uligharimu zaidi ya dola milioni 500, na una uwezo wa kusafisha kama lita milioni 190 kwa siku. Kitu kama hicho hukijengi kidogo kidogo. Huwezi kuongeza kikombe kimoja cha mtambo kila familia inapohamia. Unajenga chote, unakopa, halafu unangoja watu waje wakulipe. Ada ya uendelezaji inasaidia kulipa deni hilo.

Ukikosa nafasi, hali inakuwa mbaya haraka. Dripping Springs, magharibi ya Austin, walisimamisha kwa muda kupokea maombi ya ujenzi Novemba 2021 kwa sababu mfumo wao wa majitaka haukuwa na nafasi tena, huku kibali cha kumwaga maji yaliyosafishwa kwenye Onion Creek kikivutana na wanamazingira. Magnolia, kaskazini-magharibi ya Houston, walifanya vivyo hivyo Desemba 2022, wao kwa upande wa maji. Pesa ya wajenzi ilikuwepo, viwanja vilikuwepo, wanunuzi walikuwa wanapanga foleni. Bomba ndilo lililosema hapana.

Lakini kufuli lina upande wake wa pili, na watu wengi hawaujui. Ada hii hairuhusiwi kukarabati chochote. Haiwezi kubadilisha bomba la chuma lililooza chini ya mtaa wa zamani, haiwezi kulipa umeme wa pampu, haiwezi kuupandisha mtambo wa zamani ufikie viwango vipya kwa ajili ya watu waliokuwepo. Oktoba 2018 mafuriko yalileta tope jingi mtoni hadi mitambo ya Austin ikashindwa kulichuja kwa kasi ya kutosha, jiji zima likaambiwa lichemshe maji. Februari 2021, kwenye ile baridi kali, mtambo wa Ullrich ulikatikiwa umeme na mabomba yakapasuka kila mahali. Tukachemsha tena maji karibu wiki nzima. Wiki ile sisi mafundi hatukulala. Wateja walikuwa wananiuliza, wakiwa wamesimama kwenye maji yaliyomwagika toka darini, kwa nini mji unakusanya mamilioni ya ada halafu haya yanatokea. Kwa sababu pesa ile ni ya watoto ambao hawajazaliwa, mama. Hii ya leo inatoka kwenye ankara yako.

Mimi kufuli nalipenda pamoja na uchungu wake. Pesa isiyo na kufuli ina miguu.

Pale ambapo mji haupo, Texas ina njia nyingine: wilaya ya maji. Mwenye shamba anaomba jimbo limruhusu kuunda wilaya kwenye ardhi yake, wapiga kura wachache sana wanaoishi hapo, wakati mwingine wawili watatu, wanaidhinisha mkopo wa mamilioni, mabomba yanajengwa, na wanaonunua nyumba baadaye wanalilipa deni kwa kodi ya nyumba kila mwaka. Marafiki zangu kadhaa wanakaa kwenye wilaya hizo. Walifurahia bei ya nyumba, kisha karatasi ya kodi ikaja. Kwenye mafungu ya hati za kununulia taarifa ilikuwemo, kwa maana sheria inalazimisha iwemo, ila nani husoma ukurasa ule ukiwa na ufunguo mpya mkononi? Kati ya mfumo huo na ada ya mara moja, nachagua ada. Angalau unaiona.

Basi Jumamosi ikafika, nikaenda kwa dada. Chai ilikuwepo, na sambusa. Tukatandaza michoro mezani tukaanza kuhesabu, na hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema leo.

Ada inafuata ukubwa wa mita. Mita ya kawaida ya nyumba ni ya inchi 5/8, inapitisha kama galoni 20 kwa dakika, nayo huhesabiwa kuwa nyumba moja. Ya robo tatu inapitisha 30, inahesabiwa nyumba moja na nusu. Ya inchi moja inapitisha 50, hapo ni nyumba mbili na nusu, na ada inazidishwa hivyo hivyo. Ukubwa wa mita nao unatokana na vifaa vya ndani. Kanuni za mabomba zinakipa kila kifaa pointi zake: choo cha kuflashi 2.5, sinki la kunawia 1, bafu la kuogea wima 2, lile la kujilaza 4, sinki la jikoni 1.5, mashine ya kufulia 4, ya kuosha vyombo 1.5, bomba la nje la kumwagilia 2.5. Unajumlisha, unaangalia presha ya mtaa na urefu wa bomba, kisha jedwali linakupa jibu.

Nyumba ya mama ilikuwa na pointi 17. Tukiondoa lile bafu la kujilaza, ambalo mama wa miaka sabini na kitu atahitaji ngazi kulipanda, tukaweka la kuogea wima mahali pake, zinabaki 15. Dada akasema mama hataki kujilaza kwenye maji yake machafu hata siku moja. Mashine ya kuosha vyombo? Akacheka tu. Hiyo 13.5. Nyumba ndogo kweli, mtu mmoja, mwanamke aliyeishi maisha yake yote kwa ndoo mbili kwa siku na anayefunga bomba wakati anasugua meno.

Na ada yake ni ile ile. Mita ndogo kuliko 5/8 hakuna ya kumpa. Mtaa wa pili kuna nyumba ya vyumba vitano, nilifanya kazi mle, yenye vyoo vinne na mita ya robo tatu: inalipa mara moja na nusu ya mama wa Korogwe, basi. Wana mita ya pili ya bustani, ni kweli, na hiyo nayo imelipiwa. Lakini hesabu ya majitaka haijui tofauti kati ya familia ya watu saba na bibi mmoja na kanga zake. Ngazi ya chini kabisa imewekwa juu mno, na wote walio chini yake wanabeba mzigo wa ngazi hiyo. Sheria inaruhusu miji isamehe nyumba za bei nafuu zilizosajiliwa kwenye mipango maalumu, lakini chumba cha mama hakimo kwenye mpango wowote.

Wenye kampuni za ujenzi hili haliwasumbui. Ada wanaiingiza kwenye bei ya nyumba, nyumba inaingia kwenye mkopo wa benki. Dola 7,200 kwa riba ya asilimia 7 na miaka 30 ni karibu dola 48 kwa mwezi. Mnunuzi haioni. Mwishoni atakuwa amelipa zaidi ya dola 17,000 kwa ada ya 7,200, ila hakuna siku hata moja atakayoambiwa leo unalipia mtambo. Dada yetu hajengi kwa mkopo. Anajenga kwa zamu za usiku. Kwake ile ni pesa taslimu, kabla msingi haujachimbwa.

Nikamsimulia mdogo wangu haya kwa simu, yeye anajenga Pongwe. Akaniuliza kwa nini Tanga wasifanye hivyo, maji yangefika kwao mapema. Nimelifikiria sana swali lake. Sisi Watanzania tunalipia mabomba kwa njia za pembeni. Kila lita ya petroli au dizeli ina shilingi 50 inayokwenda Mfuko wa Taifa wa Maji, kwa hiyo kijana wa bodaboda wa Chumbageni anachangia kisima cha Singida bila kujua. Na Tanga yenyewe ilifanya jambo kubwa: Februari 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilianza kuuza hati fungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa umma, ya shilingi bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5, watu wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Nilijivuna hapa ugenini, nikawaonyesha mafundi wenzangu kwenye simu ingawa hawakujua Tanga iko wapi. Lakini deni hilo litalipwa kwa ankara, maana yake shangazi yangu wa Ngamiani, mwenye bomba moja la uani, ndiye anayelipia upanuzi kwenda kwenye viwanja vipya. Ni yule yule bibi wa Texas wanayesema wanamlinda.

Hata hivyo nilimwambia mdogo wangu asitamani ada ya Texas ilivyo. Shilingi zisizopungua milioni 17 kabla ya kupewa maji? Nyumba ya Texas inazaliwa siku moja, benki ikiwa mkunga. Nyumba ya Pongwe inakua: mwaka huu msingi, mwakani ukuta, mabati bei ikishuka, choo cha nje kwanza, cha ndani mtoto akimaliza kidato cha nne. Ukimtoza mtu wa namna hiyo yote kwa mkupuo, hataacha kujenga. Ataacha kuunganisha. Atachimba kisima futi chache kutoka kwenye karo la jirani, na mamlaka itakuwa imejifungia mlango wa mteja wake yenyewe.

Wanaostahili jembe la mlangoni ni wengine. Tembea Kariakoo au Upanga utazame yale maghorofa. Palipokuwa na nyumba moja yenye ua, sasa kuna ghorofa kumi, kila moja na vyoo vyake, yote yanaingia kwenye bomba la majitaka lililolazwa kwa ajili ya ile nyumba ya ua. Mjenzi wa ghorofa ana benki, ana mhandisi, ana wapangaji waliolipa miezi sita mbele. Nyumba yake inazaliwa siku moja kama ya Texas. Huyo ahesabiwe pointi zake, kila choo 2.5, alipie bomba kubwa la mtaa kabla ya ghorofa ya kwanza kumwagwa zege, na pesa iwekwe chini ya kufuli la Dunedin. Shangazi na bodaboda wapumzike kidogo.

Kwa dada yetu, tulimaliza kwa kuamua nyumba ya mama ijengwe mwakani, baada ya zamu za Krismasi ambazo hulipa vizuri. Mimi namfanyia kazi ya mabomba bila malipo, yeye anunue vifaa.

Na kikao cha hadhara cha mji wake kinakuja, maana ile miaka mitano ya mpango inaisha. Kila mkazi anapewa dakika tatu kwenye kipaza sauti. Dada ataongea, mimi nimemwandalia karatasi. California, watu ambao Texas haipendi kuwaiga, wana kifungu kwamba ada ya kuunganisha nyumba ndogo ya uani kwenye maji na majitaka lazima ilingane na mzigo wake halisi, ipimwe kwa futi za mraba au kwa pointi za majitaka za vifaa vyake. Hizo ni ndugu wa pointi ninazozihesabu kila siku, na orodha ya vifaa mji tayari unayo kwenye fomu ya kibali. Nimemwambia asitaje California kabla ya dakika ya tatu.